Juma Moja katika Nchi ya Ngome

Mwezi wa Juni mwaka ujao, Mungu akitujalia uzima, mimi na mama watoto twataraji kwenda Uingereza kumtazama binti yetu, ambaye ni mwuguzi katika mji wa Liverpool. Juma moja la livu yangu ametuambia tulitumie kwa matembezi, naye ataomba ruhusa kazini ili atuongoze. Nchi aliyoichagua ni Welisi, ambayo Waingereza huiandika Wales, iliyo karibu na Liverpool upande wa magharibi. Tangu barua yake ilipofika, nyumba yetu imekuwa kama baraza la wazee: ramani iko mezani, miwani iko puani, na mabishano hayakomi. Nimeona vema kuyaandika mashauri yetu, kwa kuwa wako wasomaji wengi ambao watoto wao wako ng'ambo, na siku moja wao nao wataalikwa.

Welisi ni nchi ndogo, yapata maili za mraba 8,000, na watu wake ni kama milioni tatu na laki moja. Mashariki imepakana na Uingereza yenyewe, na pande tatu zilizosalia ni bahari. Tangu mwaka 2012 iko njia ya miguu inayoufuata mwambao wote, maili 870, bila kukatika. Mlima wake mkubwa, Yr Wyddfa, una futi 3,560. Nalimwambia mke wangu kwamba milima mitano ya namna hiyo ikipandishwa mmoja juu ya mwingine haifiki kilele cha Kibo, naye akanijibu, "Basi hicho ni kilima, usinitishe." Lakini jambo linaloisifisha nchi hii ni ngome. Zasemekana kuwa zaidi ya 600, nyingine nzima, nyingine magofu tu yenye kuota nyasi.

Binti yetu alikuwa amekwisha kutupangia: ngome sita kwa siku sita, kuanzia Conwy kaskazini hata Pembroke kusini, mahali alipozaliwa mfalme Henry wa Saba mwaka 1457. Kwenye ramani jambo hili laonekana rahisi, kwani kutoka kaskazini hata kusini nchi nzima haizidi mwendo wa Tanga na Dar es Salaam. Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia, na ramani siiamini mpaka niulize njia za reli. Nikaona ajabu. Mtu akitaka kwenda kwa gari la moshi kutoka kaskazini mwa Welisi hata Cardiff, mji mkuu ulioko kusini, hana budi kutoka katika nchi yake, apite Uingereza, kisha aingie tena. Reli ya kaskazini ilijengwa hasa kupeleka watu na barua kwenye bandari ya kuvukia Ireland, na za kusini kushusha makaa ya mawe melini. Reli za kuwaunganisha Wawelisi wao kwa wao zilikuwa chache, na moja iliyokuwa magharibi ikafungwa miaka ya 1960. Sisi wa Afrika tukitazama reli zetu jinsi zinavyotoka bara na kuishia bandarini, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Basi kusini tumekuacha, na Pembroke pamoja nako.

Zikabaki ngome za kaskazini, nazo ndizo kubwa. Mwaka 1282 mtawala wa Wawelisi, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa vitani, na mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaitwaa nchi. Mwaka uliofuata akaanza kujenga ngome tatu kwa pamoja, yaani Conwy, Harlech na Caernarfon. Ya nne, Beaumaris, ikaanzwa mwaka 1295, na haikumalizika hata leo, kwa maana fedha zilihitajika katika vita vya Scotland. Fundi wake mkuu alikuwa bwana James wa Mtakatifu George, mtu wa Savoy, na wafanya kazi waliletwa kutoka karibu kila wilaya ya Uingereza. Zote nne zilijengwa kando ya maji, ili Wawelisi wakizizunguka, chakula kije kwa merikebu. Pale Conwy palikuwa na nyumba ya watawa, na humo alizikwa Llywelyn Mkuu, babu yake yule aliyeuawa. Mfalme akawahamisha watawa, akawapeleka yapata maili nane bondeni, akaijenga ngome yake papo hapo. Ngome ina minara minane, na ukuta wa mji una minara 21. Ndani ya ukuta wakawekwa Waingereza. Kwa sheria Mwelisi hakuruhusiwa kukaa.

Niliposoma hayo nikaiweka kalamu chini. Huku kwetu twazijua nyumba za namna hiyo. Mombasa iko Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na katika miji yetu mingi liko boma la Mdachi, lenye kuta nene na matundu ya bunduki. Babu yangu hakupita mbele ya boma pasipo kuvua kofia, na wala haikuwa kwa heshima. Leo wageni huja wakalipiga picha, wakasema ni zuri. Basi mimi nami nisafiri mbali hivyo, nilipe kiingilio, nisimame chini ya boma la watu wengine niseme ni zuri?

Nikamwandikia binti yangu neno hilo. Akajibu, "Baba, Wawelisi wenyewe huenda, na watoto wao hucheza mle ndani. Tena wenye kuzitunza ni idara ya serikali yao wenyewe, nayo huitwa Cadw, yaani 'kutunza' kwa lugha yao." Nalikubali kwamba ni jibu, ila halikunitosha. Nikazidi kusoma.

Ndipo nikaiona Castell y Bere. Ngome hii haikujengwa na Edward. Aliyeianza ni yule Llywelyn Mkuu, mwaka 1221 au karibu na hapo, juu ya mwamba katika bonde chini ya mlima Cader Idris. Ilitekwa mwezi wa Aprili mwaka 1283, na baada ya miaka michache ikaachwa. Sasa ni kuta zifikazo kifuani na msingi wa minara. Hakuna mlango wa kulipia, na kondoo hulisha pande zote. Binti yetu hakuitia katika orodha yake, na simlaumu, maana picha zake hazivutii.

Lakini karibu na mwamba huo kiko kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, na jina hilo nalikuwa nimekwisha kulisikia. Huko ndiko alikokulia Mary Jones. Wasomaji wengi mlifundishwa habari zake: jinsi msichana huyu, mtoto wa mfumaji maskini, alivyoweka akiba miaka mingi, na mwaka 1800, akiwa na miaka 15, akaenda kwa miguu mitupu yapata maili 25 hata mji wa Bala kwa mchungaji Thomas Charles, ili anunue Biblia kwa lugha yake. Biblia ya Kiwelisi ilikuwako tangu mwaka 1588, kwa kazi ya William Morgan, ila nakala zilikuwa haba. Haja hiyo ya Wawelisi ilipopelekwa London, wakubwa waliokutana wakaona kwamba haja ni ya ulimwengu wote, na mwaka 1804 kikaanzishwa Chama cha Biblia, ambacho baadaye kilipiga chapa Maandiko kwa Kiswahili pia. Nyumba ya Mary imekuwa gofu, na ndani yake imesimamishwa nguzo ya ukumbusho. Kutoka gofu la mtawala hata gofu la binti wa mfumaji si mwendo mrefu, hata kwa magoti ya mke wangu.

Hapo ndipo nilipojua nataka kuona nini Welisi. Edward aliijenga miji yake iwe ya Kiingereza, na minara ingali imesimama. Lakini Caernarfon, iliyokuwa makao ya utawala wake, leo ni mji ambao Kiwelisi husikika dukani na njiani kuliko karibu miji yote. Hata hivyo lugha hii haikupona kwa urahisi. Katika karne ya 19 ziko shule ambazo mtoto akisikika akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Naye humwinda mwenziwe atakayekosa ili amvike yeye, na aliyekutwa nacho jioni hupigwa. Walimu wenzangu, hasa ninyi wa Kenya, mwakijua kibao hicho kwa jina jingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha watu 538,000 wajuao Kiwelisi, ambao hawafiki mtu mmoja katika watano. Serikali yao imejiwekea shabaha ya watu milioni moja ifikapo mwaka 2050. Mimi nimefundisha miaka 30, nami napenda kusikia kwa masikio yangu watoto wa shule wakigombana kwa Kiwelisi. Maana lugha ambayo watoto hugombana kwayo ingali na uhai.

Basi mashauri yetu yamefikia hapa. Jumatatu tutapanda gari la moshi Liverpool, tubadili Chester, na kushuka Conwy, ambako reli hupita chini ya kuta za ngome yenyewe. Tutalala siku mbili. Hiyo moja ya Edward nimekubali kuilipia, na juu ya ukuta wa mji nitapanda. (Denbigh, alikozaliwa Stanley mwaka 1841, si mbali sana, lakini habari za Stanley tumezisikia za kutosha.) Jumatano tutapita bonde la Conwy hata Blaenau Ffestiniog, kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea, kisha gari dogo la moshi la milimani litushushe pwani tufike Harlech. Ngome ya Harlech imesimama juu ya jabali, na zamani merikebu zilifika chini yake, watu wakapanda ngazi 108. Sasa bahari imerudi nyuma ikaacha mchanga na majani. Alhamisi reli itatupeleka ukingoni mwa bahari hata Tywyn. Ijumaa ni Castell y Bere: gari dogo jingine hata Abergynolwyn, kisha miguu, kama maili tatu.

Jumapili tutakuwa Tywyn, katika kanisa la Mtakatifu Cadfan. Humo limo jiwe lililochongwa maneno ya Kiwelisi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na wenye elimu husema hapana maandishi ya Kiwelisi ya kale kuliko hayo.

Jumamosi ndiyo iliyoleta ubishi wa mwisho. Mimi nalitaka turudi kaskazini tuone Caernarfon. Mama watoto, ambaye ni mzaliwa wa Tanga, alinyamaza siku nzima, kisha akasema kwamba juma zima katika nchi ya bahari pasipo kukanyaga maji yakikupwa ni kitu asichoweza kuwaeleza dada zake. Binti yetu ameandika jana kumwunga mkono. Asema Juni jua la huko huchwa saa tatu na nusu usiku, mchanga ni wa maili nyingi, na maji ni baridi kama ya mtungi. Mama yake amekwisha kutia kanga mbili mkobani.