Kiti Kimoja Kwenye Bodi

Mwanangu alipotimiza umri wa kuanza shule, barabara ya Thika ilikuwa haijapanuliwa na hapa kwetu Kimbo kulikuwa bado na mashamba katikati ya ploti. Ana mtindio wa ubongo: huongea polepole, huelewa kila kitu. Shule ya jirani ilituelekeza Joytown, kule Thika. Joytown ni shule njema, lakini ni ya bweni, na mimi nilimtaka nyumbani acheze na wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa imekwisha kukataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake. Tuling'ang'ana hadi shule hiyo ya jirani ikampokea kwenye yuniti yake ya watoto wenye mahitaji maalum.

Enzi hizo malalamiko yaliishia getini. Choo kina ngazi. Mwalimu wa yuniti akiugua, watoto wanashinda bure. "Mama, rudi wiki ijayo." Tulinung'unika kanisani, tukanung'unika kwenye chama.

Kilichogeuza mambo ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ilitaka kila bodi ya usimamizi wa shule ya umma iwe na mtu wa kuwakilisha wenye mahitaji maalum. Kwetu alikalia kiti hicho mama fundi wa cherehani, na jambo la kwanza alilotudai ni ripoti za upimaji kutoka EARC, kituo kinachopima watoto wenye mahitaji maalum. Hakutaka kusikia "mtoto wangu anaonewa". Alitaka kusikia kwamba ripoti inasema mtoto apewe muda zaidi wa mtihani, na kwamba muhula huu hakupewa. Akafungua daftari: lalamiko, tarehe, aliyekabidhiwa, siku ya jibu. Mwalimu mkuu mwenyewe alishukuru, maana sasa alikuwa na kumbukumbu za mkutano za kupeleka ofisi ya elimu.

Choo kikajengewa njia ya mteremko. Suala la mwalimu wa pili wa yuniti lilituchosha sana, kwa kuwa walimu wa serikali huajiriwa na tume ya walimu, TSC, na hapo bodi yetu haikuwa na la kufanya ila kuandika barua na kuandika tena. Kwangu hilo ndilo donda lililobaki.

Mwanangu alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, papa hapa Kimbo, akiongezewa muda.

Mzazi mwenzangu, uliza ni nani anayekalia kiti cha wenye mahitaji maalum kwenye bodi ya shule ya mwanao. Lalamiko likikwama hapo, lipeleke kwa maandishi Bodi ya Elimu ya Kaunti, nawe ubaki na nakala.