"Ndiyo, Mwalimu" Si Jibu

Leo nataka kuungama mbele yenu kosa langu moja, lipate kuwafaa wengine.

Mimi ni karani wa parokia. Kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu chuoni, na hata leo watu wa hapa huniita mwalimu. Kazi yangu ni kuandika daftari za ubatizo na ndoa, kutoa vyeti, na kupokea barua na simu.

Kijana mmoja wa kigango chetu aliomba kazi ya ukarani wa ghala mjini. Kwa kuwa hakuwa na simu, alitoa namba ya ofisi yetu. Siku moja ukaja ujumbe: "Aje Jumatano saa 9, aonane na wakubwa." Nikamwita, nikamwambia, "Jumatano, saa tisa alasiri. Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Jumatano akaazima viatu, akapanda basi, akafika saa nane na nusu. Bawabu akamwambia kwamba watu wamekwisha kuulizwa maswali asubuhi, na kazi imekwisha kupata mtu. Kumbe yule mwandishi alihesabu saa kwa Kizungu. Saa 9 yake ilikuwa saa tatu asubuhi.

Nilipomwomba radhi, kijana alinipa jibu lililonichoma kuliko matusi: "Hata mimi nilishangaa, mwalimu, kuitwa saa tisa, ofisi zikikaribia kufungwa. Lakini niliona haya kukuuliza. Wewe ndiwe uliyesoma." Alikaa miezi minane zaidi bila kazi, naye ana mama mgonjwa wa kumtunza.

Je, kosa lilikuwa la nani? Mwandishi hakueleza, mimi sikuuliza, kijana aliogopa. Lakini kosa langu ndilo kubwa, maana mimi nilifundishwa. Chuoni tulionywa kwamba swali la "Mmeelewa?" halipimi kitu. Darasa zima litaitikia "Ndiyo, mwalimu!" hata kama hakuna aliyeshika neno. Mtoto huogopa kuchekwa, na mtu mzima vilevile.

Bibi yangu, ambaye hakupita darasa la pili, alilijua jambo hili kuliko mimi. Mwaka 1973 alikuwa katika kikundi cha "Mtu ni Afya", ile kampeni ya elimu ya watu wazima iliyowashirikisha Watanzania wapatao milioni 2. Walikusanyika penye redio, wakasikiliza somo, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana: hapa kwetu twaugua nini, na tufanye nini? Bibi alituambia kwamba kiongozi wao hakuuliza hata siku moja kama wameelewa. Aliuliza, "Haya mama, tueleze ulilosikia." Halafu wakaenda kuchimba vyoo. Choo ndicho kilichoonyesha kama somo limeingia.

Basi nimebadili desturi yangu. Mtu akinipa habari kwa simu, namrudishia maneno yake kabla hajakata. Saa siiandiki peke yake, naongeza asubuhi, alasiri au usiku. Mzazi akija kuandikisha ubatizo, naandika jina la mtoto, siku na mahali alipozaliwa, wazazi na wasimamizi, kisha namsomea yote kwa sauti na kumwuliza, "Nimekosea wapi?" Juma lililopita mama mmoja alinisahihisha jina la mumewe, kisha akaniomba radhi! Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye wa kukushukuru. Jina hili mwanao atalitafuta humu hata akiwa mzee."

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwalimu, au msimamizi wa kazi, au mzazi, ukiitikiwa "ndiyo" upesi usifurahi bado. Mwombe mwenzako akueleze alivyosikia, tena kwa upole, asidhani anategwa. Nawe unayetumwa, uliza. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, lakini hasara ya kunyamaza yaweza kuwa ya miezi minane.

Kijana yule sasa amepata kazi kwingine. Akipita ofisini nikamwagiza neno, hucheka na kusema, "Yaani, mwalimu, umesema hivi..." Nami huweka kalamu chini, nikamsikiliza mpaka mwisho.