Jaribio Linalofaulu kwa Bahati

Kwa miaka kadhaa nimeshirikiana na wenzangu kuandika programu ya kutunza alama za wanafunzi. Kila mmoja wetu anapowasilisha kazi yake, kompyuta huendesha majaribio yenyewe kabla kazi hiyo haijapokewa. Jaribio moja lilikuwa kinyonga: asubuhi linafaulu, jioni linafeli, ilhali hakuna aliyegusa hata herufi. Desturi ikawa kulirudia mpaka lifaulu. Nami nilirudia, nikanyamaza.

Siku nilipoketi kulichunguza, niliona kwamba lilihifadhi alama, likangoja sekunde mbili, kisha likadai kuziona. Seva ikielemewa, sekunde mbili hazitoshi. Mwenzangu alishauri ziwe kumi. Tukaamua vingine: lisingoje saa, lingoje ishara kwamba alama zimehifadhiwa. Bado lilifeli mara mojamoja, na sasa hatukuwa na pa kusingizia. Kumbe wahadhiri wawili wakihifadhi kwa wakati mmoja, alama za mmoja zilifuta za mwenzake. Jaribio lilikuwa likisema kweli muda wote. Sisi ndio tuliozoea kutolisikiliza.

Mazoea ya namna hii yamewahi kuua. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya tiba ya Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Kosa mojawapo lilitegemea wakati: mwendeshaji mzoefu aliposahihisha maelekezo upesi, ndani ya sekunde nane hivi, sehemu ya programu haikuyatambua masahihisho. Mashine ilionyesha ujumbe wa hitilafu. Lakini hitilafu zilikuwa za kila siku, na waendeshaji walishazoea kubonyeza kitufe na kuendelea.

Watumishi wa umma wanaijua desturi hii kwa jina jingine: “Mtandao unasumbua, njoo kesho.” Mzee anayefuatilia pensheni akihudumiwa siku ya tatu, daftari huandika kwamba amehudumiwa. Siku mbili za kwanza hazimo popote, wala nauli yake.

Siku hizi tuna kanuni moja: hakuna kurudia jaribio kabla ya kuandika lilifeli lini, kwenye mashine ipi, na nani atalifuatilia. Kanuni hiyo haihitaji kompyuta. Daftari na kalamu vinatosha.