NENO MOJA BILA WENZAKE



Mara nyingi wazee na majirani wanatuletea karatasi ao sanduku yenye maneno mawili matatu ya kigeni, wakisema: "Ninyi watoto wa masomo, mutuambie hii inasema nini." Tukiuliza kwanza maneno yametoka wapi, wengine wanacheka: "Kumbe hamujui!" Juu ya ile tumeona vema kueleza jambo hili ndani ya gazeti letu.

Tuanze na neno "gift". Kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani ni sumu. Mutu akiliona peke yake juu ya chupa, na hajui ni luga gani, atakunywa ao atatupa? Vilevile "rat" ya Kiingereza ni panya, lakini ya Kijerumani ni shauri. "Sin" kwa Kiingereza ni zambi. Kwa Kihispania ni "bila" tu. "Once" kwa Kiingereza ni mara moja, kwa Kihispania ni kumi na moja. Herufi ni zile zile, lakini maana ziko mbali sana.

Hata tukijua luga, kazi haijaisha. Kwa Kihispania "esposas" ni wake wa watu, ni tena pingu za polisi. Kwa Kijerumani "Bank" ni banki ya feza, ni tena kiti kirefu cha watu wengi, na "banco" ya Kihispania iko na maana zile zile mbili. Katika wingi Wajerumani wanatenga: Banken ni za feza, Bänke ni viti. Lakini katika umoja, ni maneno ya jirani tu yatakayotuonyesha njia.

Gumu zaidi ni neno dogo "you" la Kiingereza. Mujerumani atauliza: unasema na rafiki mmoja (du), na marafiki wengi (ihr), ao na mutu wa heshima (Sie)? Muhispania naye anatenga tú na usted. Tukichagua ovyo, tutamusemesha mukubwa kama mutoto mwenzetu.

Na Kiswahili chetu je? Tunasema "baba yake", bila kuonyesha kama ni baba wa kijana ao wa binti. Muhispania atatwaa "su padre" bila kuuliza. Mwingereza na Mujerumani watataka kujua kwanza.

Basi, wandugu, mutu akituletea maneno mawili, tusione haya kumuuliza: Nani alisema? Alimwambia nani? Yaliandikwa juu ya kitu gani? Kuuliza hivi si ujinga, ndiyo kazi yenyewe ya mwenye kutafsiri. Wacha watucheke kidogo. Mwenye kujibu mbio ili asifiwe, siku moja atamupa jirani yake chupa ya sumu na kumwambia ni zawadi.