Mbaazi za Nairobi Haziivi kwa Haraka

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu,

Huku hatujambo, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya watu wa hali ya hewa. Makaratasi yako ya mkahawa unaotaka kuufungua Nairobi nimeyapata. Nimeyasoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili na kalamu mkononi.

Nimeona mlango wa kuchonga, taa za shaba, rangi ya ukuta na jina. Nimehesabu vyakula 64. Saa ya kufungua nimeitafuta sikuiona, wala sikumwona huyo atakayekuja kula. Umeandika "wapenzi wa chakula cha Kiswahili". Huyo si mtu, babangu. Mtu ni kijana wa Likoni anayelinda ghala Industrial Area, anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi na njaa yake. Mtu ni mama wa South C mwenye watoto watano ambaye Jumapili hataki kushika mwiko. Hawa hawali chakula kimoja, hawaji wakati mmoja, na mifuko yao haifanani. Mchague mmoja kwanza, ndipo tuzungumze habari za taa.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeungua. Unajua nimeuza mahamri na mbaazi barazani kwetu miaka mingi kuliko umri wako. Nilikuwa nikifungua watu wakitoka msikitini alfajiri, na saa nne nimeshaosha masufuria. Wengine walidhani mimi mvivu. Basi siku moja nikaona nami nipanuke, nikakodi mahali ng'ambo ya daraja, Nyali, nikaandika vyakula 40 ukutani. Pitsa pia ilikuwamo, Mungu anisamehe. Mpishi wa biriani alipoondoka mwezi wa tatu aliondoka na biriani yake, maana ilikuwa mkononi mwake, mimi sikuwa na hata kipimo cha chumvi. Umeme ukakatika siku mbili, changu na kolekole wakaozea frijini. Vyakula 40 maana yake ni vitu vya vyakula 40 vimekaa vinasubiri mtu avitake, na vingine havina subira. Nilifunga kabla ya mwaka kwisha. Deni lililobaki lililipwa na mahamri.

Sasa tuje kwa Nairobi, maana wewe umeandika kana kwamba utapika hapa Kibokoni. Huko mko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa kama nyuzi 94 tu. Hapa kwetu yanafika 100. Mbaazi nilizozoea kuziweka jikoni nikaswali nikarudi zimelainika, huko zitakukodolea macho. Nilipokuja kukutazama ulipokuwa chuo nilizipika, nikadhani nimeuziwa za mwaka juzi. Nunua sufuria kubwa ya presha kabla hujanunua taa hata moja. Na unga nao: miezi ya Juni na Julai baridi ya huko inailaza hamira. Donge nililokuwa nikilikanda usiku hapa likaamka nami alfajiri, huko utalikuta limejikunyata. Ukande mapema zaidi, ulifunike vizuri, uliweke karibu na jiko lenye joto.

Nazi ndiyo shughuli kubwa. Umeandika tui la pakiti. Silikatai kwa wali, lakini kwa mbaazi mtu wa pwani atalijua kwa kijiko cha kwanza, na ndiye unayemtaka akusifu kwa wenzake. Ulizia nazi zinaingia sokoni huko siku gani na kwa bei gani, kisha umtafute mtu wa kukuna na kukamua kila asubuhi. Tui la pili lichemshe mbaazi, lile zito liingie mwisho, moto umeshapunguzwa. Ukikosa mtu huyo, basi mkahawa wako si wa mbaazi, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulipa kodi.

Samaki wa kupaka usimchapishe kwenye orodha ya vyakula. Kusi likivuma, ngalawa nyingi haziendi mbali, bei inapanda, na wewe uko mwendo wa usiku mzima kutoka pwani. Weka ubao na chaki. Akiwapo aandikwe, asipokuwapo watu wale kitu kingine.

Hesabu yangu ni rahisi. Kilo moja ya unga naigawa madonge manane, kila donge nalikata mara nne, napata mahamri 32. Halafu naandika kila kilichoingia: sukari, tui, iliki, hamira, makaa, karatasi ya kufungia, na mafuta. Mafuta ndiyo mwizi, watu huyasahau kwa sababu yamebaki karaini yakionekana yapo. Vitu hivyo vyote vikila zaidi ya theluthi moja ya bei ya chakula, mimi hupandisha bei au hukiacha chakula hicho. Theluthi mbili zilizobaki zina wenyewe tayari: mwenye nyumba, wafanyakazi, kaunti na leseni zake. Wewe ni wa mwisho kwenye foleni hiyo.

Na Ramadhani umeiweka wapi? Ukiuza chai ya asubuhi kwa Waislamu, mwezi mzima mchana huna mteja, na kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo huwezi kuupangia kwa kalenda ya ukutani. Geuza saa. Uza futari: kaimati, viazi vitamu vya nazi, muhogo, tambi. Mlango ufunguliwe alasiri, watu wachukue waende nyumbani.

Mlango wa kuchonga sina ugomvi nao. Marehemu babu yako alikuwa seremala, nami napenda mbao nzuri. Lakini yule mlinzi wa Likoni hatakaa hapo zaidi ya dakika kumi, amechoka, anataka mahamri manne na mbaazi kwenye kopo lisilovuja ndani ya matatu. Hilo kopo umelitafuta?

Usitie saini mkataba wa nyumba bado. Omba jiko la rafiki yako asubuhi za juma moja, upike kitu kimoja, uuze, uandike kilichobaki na saa kilipokwisha. Nitakuja na basi la usiku wa Ijumaa, na mbuzi yangu ya kukunia nitaibeba mwenyewe maana za huko sizijui meno yake. Nikifika Jumamosi alfajiri nikute mbaazi zimerowekwa.

Shangazi yako