Ushuhuda ninaoufuta

Mwaka wa pili nilikuwa bingwa wa mikesha ya maombi. Kila Ijumaa nipo, na ombi langu lilikuwa moja: Bwana, nionyeshe mapenzi yako. Nikiwa mkweli, nilimaanisha ada. Asilimia niliyopewa na Bodi ya Mikopo haikufika hata nusu, na bila kulipa deni nisingefanya UE.

Mwanzoni mwa Desemba baba akapiga simu kutoka Mbalibali. "Mwanangu, Mungu amejibu. Ada imepatikana." Niliruka hadi dabodeka likataka kuanguka. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema mdogo wangu akishatoka tohara mwezi huu, kuna watu wa maana wameshakuja kuulizia, na ng'ombe hawatapungua 12.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 14.

Sasa nasema jambo la aibu. Sikukataa. Nilisema, "Asante baba," nikaenda mkeshani nikatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi, mmoja akalia.

Kwa wasiotoka kwetu: kwa Wakurya na Wangoreme, Desemba shule zikifungwa ndiyo msimu. Msichana asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo humfuata mpaka kisimani. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ingawa tangu 1998 kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Na wanaofanya hivyo si wapagani, jamani. Baba yangu ni mzee wa kanisa.

Kilichonivuruga ni zamu yangu ya kufundisha Biblia wiki ile. Nilipangiwa Isaya sura ya 1. Nikafika mstari wa 15, pale Mungu anapokataa kusikiliza maombi ya watu wenye damu mikononi, hata wakiomba sana namna gani. Mstari ule nilikuwa nausoma siku zote nikiwafikiria Waisraeli. Safari hii nikaiona ada yangu. Somo sikulifundisha, nilisingizia malaria.

Nikakopa nauli, nikapanda basi la Mwanza, na kesho yake jioni nilikuwa nyumbani. Baba alinisikiliza kuliko nilivyotegemea. Akasema hata Ibrahimu aliagizwa tohara. Tukafungua Mwanzo 17 pamoja kwenye mwanga wa taa ya sola. Inataja wanaume tu. Mabinti hawamo kabisa. Baba akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijapata mstari wa kulijibu: "Na ada yako atalipa nani?"

Mama hakusema neno. Lakini usiku ule ndiye aliyezifunga nguo za mdogo wangu kwenye mfuko wa rambo, na alfajiri bodaboda ikatupeleka Mugumu, kwenye ile nyumba salama inayopokea wasichana tangu 2014. Njiani mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, sasa chuo utarudi?" Nikamwambia Mungu atatenda. Lilikuwa jibu la mkeshani tu, sikuwa na hakika na chochote.

Sikurudi. Niliahirisha mwaka, nikabeba zege Mugumu mpaka mabega yakachubuka. Mdogo wangu alirudi nyumbani baada ya baba kuweka sahihi kwamba hataguswa, na hajaguswa. Yuko kidato cha tatu. Mimi niko mwaka wa pili kwa mara nyingine, wakati wenzangu wanahangaika na ripoti za kuhitimu. Baba hupokea simu zangu. Ananiuliza kama mvua imenyesha huku, halafu anakata.

Kilichobaki ni ule ushuhuda. Niliutoa mbele ya watu karibu mia na sijawahi kuusahihisha. Ningesimama Ijumaa nikausahihisha, lakini wengi waliopiga makofi walishahitimu, ndiyo maana nimeomba nafasi hapa. Ile ada haikutoka kwa Mungu.