Savannah: Mji Uliojaza Uwanja kwa Tiketi Moja

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Savannah, mji wa bandari katika jimbo la Georgia, Marekani, utatembea chini ya mialoni mikubwa iliyoning'iniza ndevu za kijivu. Mji huo uliasisiwa mwaka 1733. Lakini usiishie katikati ya mji. Elekea bustani ya Daffin, ukautazame uwanja wa Grayson, uliofunguliwa mwaka 1926. Hapo pana funzo kwa kila mzazi aliyewahi kuhesabu fedha mbele ya dirisha la tiketi.

Uwanja huo ni wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ambao Wamarekani huupenda kama sisi tupendavyo kandanda. Kwa miaka mingi ilicheza hapo timu ya ligi ndogo iitwayo Sand Gnats. Wenye timu walitaka uwanja mpya, mji haukuujenga, na baada ya msimu wa 2015 timu ikahamia Columbia, South Carolina.

Ndipo wakaja Jesse Cole na mkewe Emily na timu mpya ya wanafunzi wa vyuo, wachezao wakati wa likizo bila mshahara. Mwanzo ulikuwa mchungu. Cole amesimulia kwamba katika miezi ya kwanza tiketi zilizouzwa zilihesabika kwa vidole, akiba ikakauka, hata wakauza nyumba yao. Mwaka 2016 wakatangaza jina la timu: Savannah Bananas, yaani Ndizi za Savannah. Wako waliocheka, wako waliokasirika. Lakini mji mzima ukapata la kuzungumza.

Naam, jina la kuchekesha laweza kumleta mtu mara moja. Kinachomrudisha ni bei. Aghalabu kiingilio cha mchezo huwa ni mwanzo tu wa gharama: mtoto huyu adai soda, yule soseji, na baba hurejea nyumbani mfuko mtupu. Tiketi ya Ndizi katika misimu ya mwanzo ilikuwa dola 15, na ndani yake mlikuwamo hambaga, soseji, bisi na soda, mtu ale hadi atosheke. Mzazi mwenye familia ya watu watano alijua kabla ya kuondoka nyumbani: dola 75, basi. Mwenye timu naye alikuwa na hesabu yake: kiti kitupu hakimlipi mtu. Uwanja wa watu wapatao 4,000 ukaanza kujaa msimu ule ule wa 2016, na timu ikatwaa kombe la ligi yake.

Baada ya msimu wa 2022 Ndizi walijitoa katika ligi, wakabaki na sheria zao wenyewe za mchezo wa takriban saa mbili. Mwaka 2025 walicheza Clemson mbele ya watu 81,000. Ila sifa imewaleta walanguzi, ambao huuza tena tiketi kwa mara kadhaa ya bei yake.

Basi, msomaji, ukisimama penye lango la Grayson, mkumbuke yule mzazi wa dola 75. Ndiye aliyeujaza uwanja huu wakati jina la Ndizi lilipokuwa bado mzaha, na sasa ndiye ambaye mlanguzi anamfungia lango.